Kumkata Mgonjwa Bima

Ndugu zetu wa Machakos wametuuliza: je, kampuni ya bima ya matibabu yaweza kumkata mtu akishaugua? Sheria ya Kenya yairuhusu kuvunja mkataba ikiwa mtu aliulizwa maradhi yake akayaficha. Na asiyelipa ada, bima yake husita. Hayo hatuyapingi. Mwenye kuficha kisukari chake amefanya ghishi, kama muuza ng'ombe afichaye ila.

Lakini mafakihi wamesema pia: mnunuzi aliyeijua ila, kisha akaendelea kumtumia mnyama kwa ridhaa yake, hana tena haki ya kumrudisha. Basi kampuni iliyoujua ugonjwa, ikanyamaza, ikapokea ada mwaka baada ya mwaka, kwa haki gani yaifukua fomu siku ifikapo hesabu ya hospitali? Kwetu sisi hiyo ni dhuluma.

Bima ya serikali, iliyoshika mahali pa NHIF Oktoba 2024, haimkatai mtu kwa ugonjwa wake. Yataka asilimia 2.75 ya pato, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mchukuzi wa sokoni, asiye na mshahara, alitakiwa kutanguliza ya mwaka mzima, akishindwa, hukosa. Naye hakuficha kitu.