Kwikwi na Hiari ya Mwanadamu

Mwanadamu, ambaye hujiona sultani wa kiwiliwili chake, hupungukiwa na hoja pale kwikwi inapomshika mbele ya baraza. Kwani hapo, pasi na idhini yake, kiwambo kitengacho kifua na tumbo hushtuka, pumzi ikavutwa ghafla, mlango wa koo ukajifunga, na sauti asiyoitaka ikamtoka, wala haya haimfai kitu wala hasira.

Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, katika kitabu chake cha karamu, asimulia kuwa Aristophanes, mtunzi wa michezo ya dhihaka, alishikwa na kwikwi ilipowadia zamu yake ya kunena habari za mapenzi, ikambidi ampishe tabibu Eryximachus, naye akamwagiza azuie pumzi. Isipotulia, asukutue kwa maji. Ikizidi ukaidi, aitekenye pua hata apige chafya. Chafya ndiyo iliyomponya, naye akastaajabu kwa mzaha jinsi mwili wenye nidhamu unavyohitaji makelele ya namna hiyo ili urejee katika adabu yake.

Mzaha ule una swali ndani yake: ikiwa hatumiliki hata pumzi yetu, hiari yetu i wapi? Charles Osborne wa Iowa, Marekani, alianza kwikwi mwaka 1922, isimwache hadi 1990, yaani miaka 68, na katika muda huo akaoa, akazaa, akaishi na watu. Kwangu mimi jawabu limo humo: hiari si kuutawala kila mshtuko wa mwili, bali ni kuchagua mwenendo wetu mbele ya tusiyoyatawala.

Lakini subira si kukaa kitako. Asemaye "ni kadari" kabla hajatafuta sababu ameuvika uvivu wake kanzu ya imani; kwani kwikwi ipitayo siku mbili aghalabu ni mjumbe wa jambo jingine, kama vile asidi ipandayo kutoka tumboni, figo zilizodhoofu, kiharusi, au dawa anywayo mgonjwa; na tabibu mwerevu huutafuta kwanza mzizi, ndipo akatoa dawa ya klopromazini au baklofeni ikihitajika.

Basi kwikwi ya kitambo tuipe maji na subira. Ikipita saa 48, tusiifanyie mzaha wala falsafa, twende kwa tabibu.