NANI ALIMLOGA MFANYAKAZI?



Mtu akiachishwa kazi, neno la kwanza katika mitaa yetu ni hili: "Kuna mkono wa mtu." Ndipo anatafutwa mlozi, na mara nyingi anayepatikana ni nyanya, mjane au mtoto yatima. Je, ni haki?

Tukumbuke Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Lakini utawala wa Mobutu ulichota fedha zake, mashine zikachakaa, madeni yakapanda. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ukabomoka. Mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 40,000. Wafanyakazi wakakaa miezi mingi bila mshahara. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, watu 10,655 wakaondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Hiari gani kwa mwenye njaa?

Kampuni ilikuwa baba na mama: posho ya unga, nyumba, shule, hospitali. Ilipoanguka, si ajabu watu kuuliza, "Nani ametuloga?" Lakini nyanya mmoja ataloga watu 10,655? Deni lina karatasi, na karatasi ina sahihi.

Mtu atasema, "Ulozi upo, Biblia inautaja." Hatubishani. Tunasema hivi: anayemshitaki mnyonge bila ushahidi anatenda dhambi mbili. Anamfunga asiye na hatia, tena anamfungulia aliyekula mali. Bwana naye alipozungumza juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine.

Neno hili latugusa sisi tunaoamini unabii. Nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi mwenye kosa. Hakumtafuta mjane wa kumbebesha kosa la mfalme.

Basi sisi wa Kaniama, treni ikimrudisha ndugu asiye na kazi tena, tusimwulize nani amemloga. Tumpe kipande cha shamba, mbegu za mahindi, na kiti kile kile alichokalia ibadani siku alizoleta sadaka kubwa. Na mtoto wa nyumba ile alale ndani, si barazani.

Bwana atusaidie. Amina.