SIKUKUU YA KUFUNGUA SHULE NA FUNGU LA YULE ASIYETAYARISHIWA KITU

Masomo: Nehemia 8:1-12; Kumbukumbu la Torati 31:9-13

 

Mwezi wa tisa umefika na shule zinafunguliwa. Washonaji wako kazini usiku na mchana juu ya mashati meupe na sketi za bluu. Fanfari inajifunza nyimbo za maandamano. Mama wamekwisha kupatana nani ataleta unga wa muhogo, nani sombe, nani ndagala na mafuta ya mawese. Siku ya ibada watoto wataitwa mbele, watapiga magoti pamoja na walimu wao, nasi tutawaombea. Kisha tutakula pamoja na kumshukuru Mungu.

Sikukuu hii ni nzuri. Lakini tunawauliza swali moja, wapendwa: siku hiyo tutakuwa tunasherehekea nini? Nguo mpya? Chakula? Au mtoto mwenye kusoma? Tusikilize Neno la Mungu litufundishe.

WATU WALIOTOKA UHAMISHONI

Katika kitabu cha Nehemia tunaona watu waliorudi kutoka Babeli. Mji wao ulikuwa umebomolewa na ukuta wake ulijengwa upya kwa shida, mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine ukishika silaha. Siku ya kwanza ya mwezi wa saba walikusanyika wote kama mtu mmoja penye uwanja wa Mlango wa Maji. Wao wenyewe ndio waliomwomba Ezra alete kitabu. Akasimama juu ya jukwaa la mti, akasoma tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Walawi wakapita kati ya watu wakieleza maana, ili kila mmoja afahamu.

Watu wakalia. Ndipo wakaambiwa wasiomboleze, kwa kuwa siku ile ni takatifu. Waende wakale vinono, wanywe vitamu, na wampelekee fungu lake yule ambaye hakutayarishiwa kitu. Wakaenda wakafanya furaha kubwa. Andiko linatoa sababu ya furaha yao: walikuwa wameyafahamu maneno waliyosomewa.

Angalieni mambo matatu. Kwanza, kitabu kilitangulia na chungu kikafuata. Pili, hawakuitwa wanaume peke yao. Mstari wa pili unataja wanaume na wanawake na wote walioweza kufahamu. Tatu, sikukuu haikukamilika mpaka fungu limefika kwa yule asiye na kitu.

Nani ataelewa habari hii kuliko sisi wa Fizi? Vita vya mwaka 1996 vilitusukuma ziwani. Mitumbwi ilivuka Tanganyika usiku kuelekea Kigoma, na wengine hawakufika ng'ambo. Tukakaa Nyarugusu, tukakaa Lugufu. Lakini hata kule, chini ya turubai, watoto wetu walisoma kwa programu ya Kongo na kwa Kifaransa, ili siku ya kurudi wasiwe wageni katika shule za nchi yao. Kuanzia mwezi wa kumi 2005 meli zikaanza kuturudisha, zikituteremsha hapa Baraka. Wako waliorudi na sufuria moja na mkeka, lakini makaratasi ya shule ya watoto wameyafunga vizuri ndani ya nailoni yasilowe. Wazazi hao walijua lipi ni mali.

Basi tunapofanya sikukuu ya shule, tunafanya sikukuu ya watu waliorudi. Machozi yakitoka, yatoke. Kisha tule, na tupeleke fungu.

Kanisa letu lina maneno matatu ambayo kila mtoto anayajua: Upendo, Amri, Kazi. Tuyatumie hayo kuipima sikukuu yetu.

UPENDO

Fungu la mtoto wa shule ni nini? Ni daftari, biki, sabuni ya kufulia shati, na shati lenyewe ambalo mtoto wako amekwisha kukua nalo halimtoshi tena. Mama, usilifanye tambara. Lifue, lipige pasi, lilete kanisani kabla ya siku ya sikukuu, ili yatima wa jirani asije mbele amevaa aibu huku wenzake wamevaa upya.

Tunajua kutoa nsinsani. Tunajua kushindana, kina baba upande huu na kina mama upande ule, mpaka sahani inajaa na watu wanashangilia. Mwaka huu nsinsani ya siku ya shule itolewe kwa jambo moja tu: watoto ambao wazazi wao hawakuweza. Mashemasi wapite nyumba kwa nyumba wiki mbili mbele, waandike majina kimya, na kila mtoto apelekewe fungu lake nyumbani bila kutangazwa. Sadaka inayomwaibisha mtoto mbele ya wenzake haimjengi.

Na mtoto huyo ni wa nani? Katika Kumbukumbu la Torati, Musa aliagiza kwamba katika sikukuu ya vibanda ya kila mwaka wa saba wakusanywe wanaume, wanawake, watoto, na pia mgeni aliye ndani ya miji yao, wapate kusikia na kujifunza. Mgeni naye alihesabiwa. Tangu mwaka 2015 ndugu kutoka Burundi wanakaa Lusenda. Mwaka 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, familia nyingi zilikimbia kuelekea kusini bila kitu. Milimani kwetu vijiji vimechomwa, na watu wa kabila hili na lile wamelala porini. Tunasema wazi, kwa kuwa tukinyamaza Mungu atatuuliza: mtoto Mbembe, Mbuyu, Mbwari, Mfuliru, Mnyindu, Munyamulenge au Mrundi akija na daftari lake, sisi hatumwulizi kabila. Mbele ya ubao hakuna benchi la kabila. Mkubwa akitaka kumfukuza mtoto kwa sababu ya jina la babu yake, mkubwa huyo asije kushika maikrofoni siku ya sikukuu.

AMRI

Mungu ameamuru watoto wafundishwe. Wazee wetu nao, kabla ya shule za wazungu, walikusanya vijana kwenye lubunga na kuwafundisha jinsi ya kuishi na watu. Hakuna Mbembe anayeweza kusema kwamba kufundisha mtoto ni desturi ya kigeni.

Nchi pia ina amri yake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya shule ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za umma. Wengi wenu mnakumbuka tulikotoka: kuanzia miaka ya 1990 serikali ilishindwa kuwalipa walimu, na mzazi ndiye aliyebeba mshahara kwa jina la primu. Mtoto asiye na primu alirudishwa nyumbani katikati ya mwezi. Mwezi wa tisa 2019 serikali ilianza kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi za umma. Tusijidanganye kwamba yote yamekwisha. Wako walimu ambao majina yao hayajaingia kwenye orodha ya mishahara, wale tunaowaita N.U. Madarasa yamejaa, mabati yanavuja. Lakini amri ipo, na mzazi anayeijua anaweza kusimama nayo mbele ya direkta kwa heshima, bila matusi na bila kuogopa.

Sasa tuseme juu ya wale ambao hatutawaona kwenye maandamano.

Kuna binti wa miaka 13 anayebaki nyumbani kulea wadogo zake, na baba anasema, huyu ataolewa, shule ya nini? Baba, soma tena Nehemia. Wanawake walisimama pale uwanjani tangu asubuhi. Nani alikupa ruhusa ya kumwondoa binti yako mahali ambapo Mungu alimweka?

Kuna kijana aliyekwenda Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Anarudi na simu na viatu vizuri, wadogo zake wanamtamani. Dhahabu ya shimo inaisha, na shimo linaweza kumfunika. Kuna mtoto anayevuta nyavu za ndagala usiku kucha, asubuhi analala juu ya benchi, mwalimu anamwita mvivu. Na kuna yule aliyepewa bunduki porini, akaambiwa anailinda jamaa yake. Wapendwa, jamaa inayolindwa na mtoto wa miaka 14 imekwisha kupoteza kitu ambacho ilitaka kukilinda. Mrudisheni. Direkta ampokee hata kama amezidi umri. Waamini wasimwite jina baya.

KAZI

Sikukuu ni siku moja. Mwaka wa shule unaanza mwezi wa tisa na kufika mwanzoni mwa mwezi wa saba. Ni rahisi kumvika mtoto siku ya kwanza. Kazi ni kumpeleka siku ya mvua ya mwezi wa kumi na moja, wakati njia zimekuwa matope, muhogo umepungua na nguo haijakauka. Kwa hiyo tunawapa kazi hizi.

Wazazi: baada ya Noeli kaeni na mtoto, mfungue madaftari yake pamoja. Hata kama hujui kusoma, utaona kama kurasa zimeandikwa au ni tupu.

Walimu: ninyi ndio Walawi wetu, mnaopita kati ya watu mkieleza maana. Fikeni kabla ya kengele. Msiwatume watoto kulima mashamba yenu wakati wa masomo. Na mwalimu yeyote anayemtaka mwanafunzi wake wa kike kwa ajili ya alama, ajue kwamba anatenda dhambi mbele ya Mungu na kosa mbele ya sheria, hatutamficha.

Waamini: mwalimu anakula nini? Mnapovuna, mkumbukeni. Kikapu cha muhogo mlangoni mwake kinafundisha darasa zima.

Kina mama wa jikoni: ziwa letu lina kipindupindu, na mvua inakaribia. Siku ya sikukuu maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na ndoo ya kunawia yenye sabuni iwe mbele ya chakula. Tusiwafungulie watoto shule kwa ugonjwa. Na kama ilivyo desturi yetu, pombe isikaribie. Vitamu ambavyo Nehemia aliruhusu vinatosha.

KANISA LILILOAMINIWA NA WATOTO

Tumalize kwa kukumbuka. Papa Simon Kimbangu alikuwa katekista, mtu wa kitabu, kabla ya kazi kubwa aliyoianza Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa tisa wa mwaka ule ule akakamatwa. Mwezi wa kumi akahukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, na baada ya miaka 30 ya gereza akafa Élisabethville, yaani Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Waamini wake walitawanywa mbali. Kanisa lilitambuliwa na serikali ya kikoloni mwezi wa kumi na mbili 1959 tu.

Kisha oneni kazi ya Mungu. Mwaka 1974 serikali ya Zaire ilizichukua shule zote mikononi mwake, na haikuweza kuziendesha vema. Tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mapatano na makanisa ili wazisimamie tena, na kati ya waliopewa kazi hiyo, pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti, lilikuwamo Kanisa la Kimbangu. Kanisa ambalo watu wake walifungwa likakabidhiwa watoto wa nchi. Hiyo si heshima ya kuvaa kama medali. Ni deni, nasi tunalilipa darasani kila asubuhi.

Kwa hiyo fanyeni sikukuu, wapendwa. Pigeni fanfari hadi isikike mtumbwini. Ila mashemasi waitunze ile orodha ya majina, na mwezi wa sita tuisome tena. Majina yote yakiwa bado darasani, tutapika mara ya pili na furaha yetu itakuwa kama ile ya Mlango wa Maji.

Tuombe. Bwana Mungu, uliyewarudisha watu wako kutoka mbali, uwalinde watoto wa Fizi barabarani, ziwani na milimani. Uwape walimu nguvu na wazazi uvumilivu. Zima vita katika nchi yetu, ili mwaka huu kengele ya shule isinyamazishwe na bunduki. Fungu la yule asiye na kitu lisibaki mikononi mwetu. Tunaomba kwa jina la Yesu Kristo. Amina.