Eliya Alilala, Akala, Akalala Tena

Somo: 1 Wafalme 19:1-8

Leo nataka kuongea na yule mtu aliyepewa tembe za akili hospitalini, akazimeza siku nne, na sasa amezificha chini ya godoro kwa sababu dunia inazunguka. Unajijua. Sitakutaja.

Eliya hakuwa mtu wa imani haba. Moto ulikuwa umeshuka Karmeli watu wote wakiona. Lakini Yezebeli alipotuma ujumbe mmoja tu, mtumishi wa Mungu alikimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha kijana wake hapo, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Sasa angalieni vile Mungu alimshughulikia. Hakumkemea pepo. Hakumuuliza imani yake imeenda wapi. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate na maji. Akala, akalala tena! Ndipo malaika akarudi mara ya pili, akamweleza kwamba safari iliyo mbele inamzidi nguvu. Mwambie jirani yako: mara ya pili.

Mlo wa kwanza haukumwinua Eliya, na hapo ndipo wengi wetu hukwama. Dawa nyingi za huzuni na wasiwasi huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu yenyewe, lakini madhara huja mapema. Kichwa kinakuwa chepesi, tumbo linachafuka, usingizi unapotea, na kwa wengine ule wasiwasi wenyewe unapanda kwanza. Dawa zingine hushusha presha ukisimama ghafla, ndiyo maana unaona giza. Hilo si pepo, wala Mungu hajakukataa. Ni mwili unazoea.

Nikiri jambo. Miaka iliyopita dada mmoja alisimama hapa mbele akatangaza ameacha dawa, nasi tukapiga makofi na vigelegele. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza daktari alisema nini. Wiki mbili baadaye alikuwa halali, anatetemeka, kichwa kinazunguka kuliko mwanzo, mume wake akamkimbiza hospitali usiku. Kumbe dawa hizi haziachwi ghafla. Hupunguzwa polepole, na daktari ndiye hupanga. Nilienda kwake nyumbani nikamwomba msamaha. Leo anaimba kwaya, na bado anameza tembe yake.

Basi, mama, ukiamka alfajiri kwenda kuchuma majani chai, usiruke kutoka kitandani. Keti kwanza, miguu ikiwa chini, upumue, kisha usimame ukishika kitu. Kula, kunywa maji. Kanisa likitangaza kufunga, wewe usifunge kabla hujaongea na daktari; Mungu aliyempikia Eliya hatakasirika. Na kijana wa boda, siku ya kizunguzungu pikipiki ilale, hata kama ni siku ya soko.

Hapa nitaudhi mtu. Najua miraa ya Igembe na muguka ya Mbeere imelipa karo za watoto wengi, hata walio kwenye viti hivi. Leo sihubiri juu ya shamba la mtu. Lakini jani linalokukesha na kufanya moyo ukimbie, ukilitafuna pamoja na dawa ya wasiwasi, utajuaje ni kipi kinakusumbua? Na pombe huzidisha kizunguzungu. Mwambie daktari ukweli wote. Yeye si mzee wa kanisa, hatakuita kwa kikao.

Kizunguzungu kikikuangusha, kisipopungua, au wasiwasi ukizidi, rudi kliniki kabla ya tarehe uliyopewa. Dawa inaweza kubadilishwa, kipimo kinaweza kushushwa. Lakini mawazo ya kujiua yakija, usingoje kesho wala usingoje kesha la Ijumaa. Amsha mtu wa nyumbani, mwende hospitali usiku huo huo, na mnipigie simu mkiwa njiani.

Na nyinyi majirani, malaika alileta mkate. Hakuuliza ni nani amemroga. Peleka uji, mchungie ng'ombe wake wiki hizi, halafu uombe.

Najua kuna mtu anayeogopa kurudi kliniki peke yake, asionekane kwa ile foleni. Mama mmoja wa ushirika wetu amesema atamsindikiza, na nauli ipo. Nitakuwa nje kando ya tangi la maji baada ya ibada. Njoo tu kunisalimia, nitaelewa.