Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani

Wahubiri wa bara wanaipenda methali hii ya pwani, na mara nyingi huielekeza kwa kijana aliyeacha kanisa: zunguka utakavyo, mwisho utarudi. Msibani nayo hugeuzwa, ngama ikawa kaburi. Maana zote mbili zina ukweli wake, ila zinakimbilia marejeo na kukiacha chombo chenyewe hakijatazamwa.

Basi tukitazame. Tezi ni upande wa nyuma wa jahazi, uliko usukani. Omo ni mbele, inakotupwa nanga. Ngama ni tumboni, chini kabisa, ambako maji yanayopenya kwenye mbao hukusanyika, yakafuliwa kwa upo na kumwagwa baharini. Jahazi la mbao halikosi maji. Hata litiwe kalafati na fundi hodari, litavuja kidogo, wala baharia hashangai. Kinachomtia hofu ni kuambiwa kwamba tangu jana hakuna aliyeshuka kufua.

Hapo ndipo methali inapomgusa Mkristo wa leo. Haimkatazi kwenda tezi wala omo. Nani atashika usukani akibaki chini? Mama anayeuza vitenge kwa picha za WhatsApp na bodaboda anayetafutiwa abiria na programu ya simu wako juu kwa sababu riziki yao iko juu. Anayewaambia wazime simu ndipo wampate Mungu, sijui kodi ya nyumba yake hulipwa na nani. Isitoshe, Biblia yenyewe inatuzuia kuifanya ngama kuwa mahali patakatifu. Yona alishuka hadi chini ya merikebu akalala usingizi mzito, naye alikuwa anamkimbia Mungu. Yesu, kwa masimulizi ya Marko, alilala tezi dhoruba ikivuma, wala hakuwa mbali na Baba yake hata kidogo. Kwa hiyo ngama ya imani ni ule undani ambao mtu huurudia kuona maji yamefika wapi: sala isiyo na mtazamaji, toba, Neno linalosomwa bila kuwindiwa mada ya kuhubiri.

Shida ya zama hizi ni kwamba safari za tezi na omo hazina tena mapumziko. Mtu ameketi ibadani, Biblia yake iko kwenye simu. Somo linatangazwa, Mathayo 6, ile sura inayotuasa tusijisumbue kwa ajili ya kesho. Hajamaliza aya ya pili, ujumbe wa kamati ya harusi unashuka juu ya kioo: mweka hazina ametuma orodha ya waliotoa michango na wanaodaiwa. Anaugusa autoe, unafunguka. Jina lake liko kwa wanaodaiwa. Somo linakwisha, kanisa linaitikia, naye anaitikia pamoja na wenzake huku anapiga hesabu za mwisho wa mwezi. Viti viwili kutoka kwake kijana anakagua mkeka wake wa kubeti. Ukiwauliza hao wawili kama wameiacha imani watakushangaa, na watakuwa na haki. Hawajaiacha. Hawajashuka tu, na hawakumbuki walishuka lini mara ya mwisho.

Tusiisingizie simu kwamba ndiyo iliyoleta ugonjwa huu. Evagrius wa Ponto, mmonaki aliyefariki katika jangwa la Misri mwaka 399, alimwelezea mtawa aliyechokeshwa na sala: anachungulia dirishani, anapima jua aone saa tisa ya kula imekaribia kiasi gani (saa tisa alasiri, kwa hesabu hii hii yetu), anageuka huku na huku kutazama kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Jangwani hakukuwa na kundi la kamati ya harusi. Dawa aliyoitoa Evagrius haina mvuto wowote: kaa humo humo chumbani, usiondoke. Simu imeurahisisha ugonjwa tu. Siku hizi ndugu wa kuja kututembelea hakosekani, saa yoyote, na wengine wanakuja na video.

Hata hivyo, usumbufu ninaouogopa zaidi ni ule unaovaa joho. Martha wa Luka 10 alikuwa anahangaika kumhudumia Yesu mwenyewe, nyumbani mwake mwenyewe. Leo kuna mwanakwaya ambaye Jumamosi zake zote zinaishia kwa fundi wa sare na kwa mpiga picha wa video, na jioni anahesabu waliotazama. Kuna mtumishi anayerusha maombi mubashara kila alfajiri, lakini mbele za Mungu peke yake, bila kamera, hajui aanzie wapi. Watu wa namna hii ni vigumu kuwaonya, maana kila ukiwatafuta unawakuta kanisani.

Ukanda wetu uliwahi kuwa na watu waliojua kufua maji. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliishi katika mikutano midogo ambamo ndugu waliungama kwa kuitaja dhambi jina lake, na walioiba wakaenda kurudisha. Walikuwa na ukali wao, na toba ya hadharani nayo huweza kugeuka maonyesho. Lakini walikuwa na siku maalumu, mahali maalumu na watu wenye ruhusa ya kuwauliza, “Ndugu, moyo wako ukoje?” Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogondogo katika miaka ya 1970, walitafuta kitu cha jirani na hicho: Wakristo wachache wanaofahamiana kwa majina, wakisoma Neno sebuleni. Jumuiya inayofungua kikao kwa Baba Yetu ya haraka kisha ikaingia kwenye michango mpaka mwisho imebaki na jina tu.

Merikebu iliyompeleka Paulo kuelekea Roma, katika Matendo 27, inazo tezi na omo katika kisa kimoja. Ndani mlikuwa na watu 276, na dhoruba ilikuwa imefika usiku wa 14. Tezi walishusha nanga 4. Omo mabaharia wakajifanya wanakwenda kutupa nanga nyingine, kumbe wanateremsha mashua watoroke. Kazi halali kabisa ya baharia ilikuwa kificho cha kukimbia. Paulo akamtahadharisha akida, askari wakazikata kamba za mashua. Kulipokaribia kupambazuka alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akala, nao wakachangamka wakala. Baada ya kushiba wakaipunguza merikebu uzito kwa kuitupa ngano baharini.

Mpangilio huo una maana yake. Mkate ulitangulia, ngano ikafuata. Anayeanza kwa kutupa, akafuta programu zote, akajitoa kwenye makundi, akaapa kutogusa simu Kwaresima nzima bila kuweka sala mahali pake, mara nyingi huipata nafasi ile imejaa kitu kingine kabla ya Jumapili ya Matawi. Tena kilichotupwa hakikuwa takataka. Ilikuwa shehena ya merikebu yenyewe, mali nzuri iliyopakiwa kwa makusudi. Baraza la kanisa lenye kamati ya ujenzi, ya harambee, ya sare na ya matangazo ya mtandaoni, lakini lisilo na hata saa moja kwa wiki ya waumini kuketi na kusali bila ajenda, linaweza kuanza na saa hiyo moja. Kamati ipi ivunjwe litaamua baadaye.