Kama Hutaki, Hama

Januari 2021 WhatsApp ilitangaza masharti mapya: asiyeyakubali kufikia Februari 8, asitarajie kuendelea kuitumia. Hapa Bondeni, kama kwingineko, watu walikasirika, na hasira yao wakaisambaza kwa WhatsApp hiyo hiyo. Tuhamie Telegram. Signal ndiyo salama. (Kwamba taarifa fulani zilikuwa zikipelekwa Facebook tangu 2016, ni wachache waliokuwa wamelisoma hilo.) Wajuaji wakacheka: mnamsema mwenye nyumba mkiwa mmekaa sebuleni kwake! Kama hamtaki, si mhame?

Jibu hilo hunikera, maana lina sura ya haki. Hukulazimishwa kuingia, hulipi kodi, mlango uko wazi. Lakini angalia mtu anaacha nini. Mpangaji wa nyumba za kaunti akitoka Bondeni kwenda Kivumbini hubeba kitanda, meko na sufuria zake, na jioni anaweza kurudi kuwajulia hali majirani. Kwenye mtandao, majirani ndio nyumba yenyewe. Ukiingia Signal peke yako, una simu isiyo na wa kumpigia. Tena kuna anayenunua bando ndogo ya WhatsApp tu. Kumwambia ahame ni kumwambia alipe zaidi ili akaongee na watu wachache zaidi.

Kwa hiyo sioni unafiki kwa anayelalamika akiwa ndani. Kuta ni za kampuni, sawa. Watu je, ni wa nani?

Swali hilo halimkali mwenye kuta peke yake. Juni 2023 maelfu ya jumuiya za Reddit zilifungwa na wasimamizi wao, watu wanaofanya kazi hiyo bila malipo, kupinga ada kubwa walizotozwa watengenezaji wa programu za nje. Kampuni haikuondoa ada. Iliwaambia wasimamizi wafungue, la sivyo nafasi zao zichukuliwe na wengine. Huo ulikuwa ubabe. Lakini kuna jumuiya zilizopiga kura kwanza, na kuna ambazo wanachama waliamka wakakuta kufuli. Msimamizi anayefunga bila kuuliza ameshajiona mwenye nyumba.

Kwenye kikundi chetu cha michango ya mazishi, admini naye alitaka tufunge tuhamie kwingine, wiki ile ile ya Januari. Mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hutuma "Amina" tu, akarekodi sauti: "Sasa vijana, nikifiwa kesho, nitawaambia wapi?"

Admini alikaa kimya, halafu akauliza nani ana simu inayoweza kupakua Signal. Mikono haikutosha. Kampuni yenyewe ilisogeza tarehe hadi Mei 15, na baadaye ikasema asiyekubali hatakatiwa huduma. Kikundi bado kipo. Kuna walioweka Signal pia, na huko hutumiana habari za mpira.