Kikwembe, Suruali na Mlango wa Kanisa

Mwanamke mwenye kikwembe akipanda pikipiki hukaa ubavu, miguu yote miwili upande mmoja, mkono mmoja umeshika chuma cha nyuma, wa pili umebana pindo la nguo lisije likaingia kwenye mnyororo. Njia ya kutoka Bukavu kupitia Kalehe hadi Minova ni ya milima na mashimo, mvua ikinyesha ni matope, na kuna mahali ambapo ziwa Kivu liko chini kabisa ya tairi. Ndiyo maana wanawake wengi wamejitafutia dawa: suruali ndani, kikwembe juu. Safarini kikwembe kinapandishwa na kufungwa kiunoni, miguu inagawana pande mbili, mwili unatulia. Kanisa likikaribia, kikwembe kinateremshwa mpaka kwenye vifundo na suruali inafichika. Mungu anayeabudiwa ndani ameiona suruali ile njia nzima. Basi inafaa tuulize, kwa heshima na bila kuzungukazunguka: suruali ya mwanamke ina dhambi gani, na kikwembe kina utakatifu gani?

Katika makanisa mengi ya uamsho ya Kivu, na zaidi kwa wanaofuata mafundisho ya mhubiri Mmarekani William Branham, jibu linasimama juu ya mstari mmoja, Kumbukumbu la Torati 22:5, unaomkataza mwanamke vitu vya mwanamume na mwanamume nguo za mwanamke. Mstari huo ni Neno la Mungu na haufai kupuuzwa. Lakini anayeutumia kufunga mlango ana deni la kuusoma wote. Kwa Kiebrania, nguo ya mwanamke imeitwa kwa neno la kawaida la vazi, ila kitu cha mwanamume kimeitwa *keli*, neno linalobeba maana ya chombo, kifaa, hata silaha. Na tafsiri ya kale ya Kiaramu, ile ya Onkelosi, imeielewa sehemu hiyo kuwa silaha za vita. Zaidi ya hayo, mstari hautaji suruali. Biblia inapotaja vazi la namna hiyo, katika Kutoka 28:42, inawaagiza makuhani wavae la kitani, toka kiunoni hadi mapajani, ili kufunika uchi, yaani kwa ajili ya adabu ileile inayosemwa leo kwamba suruali inaivunja. Tena sura hiyohiyo ya 22, mistari michache mbele, inakataza nguo iliyochanganya sufu na kitani na kuamuru vishada kwenye pembe nne za vazi. Sijasikia mzee wa kanisa anayesimama mlangoni kuchunguza nyuzi za koti la mtu.

Swali lenyewe ni la zamani kuliko suruali zetu. Mwaka 866 Wabulgaria, waliokuwa wachanga katika imani, walimwandikia Papa Nikolasi wa Kwanza maswali zaidi ya mia moja, na moja lilihusu suruali. Alijibu kwamba kuivaa au kutoivaa, wao pamoja na wanawake wao, hakuzuii wokovu wala hakuongezi wema. Miaka mia nne baadaye Tomaso wa Akwino alikuwa mkali zaidi: alihesabu kuwa ni kosa mwanamke kuvaa nguo za kiume, ila akaacha nafasi, kwamba si dhambi panapokuwa na lazima, kama kujificha kwa adui au kukosa nguo nyingine. Nafasi hiyo isipitwe haraka na mtu wa Minova. Mji huu umepokea wakimbizi wa vita mara nyingi, na Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, ulipokea hata waliokimbia moto wa mlima. Mtu anayetoka nyumbani usiku haulizi nguo iliyo karibu ni ya nani. Na yaliyompata Jeanne d'Arc, msichana Mfaransa aliyechomwa moto huko Rouen mwaka 1431, yanaonyesha sheria inafika wapi ikikosa huruma. Nguo za kiume zilikuwa kati ya makosa aliyoshtakiwa, ingawa gerezani suruali iliyofungwa kwa kamba nyingi ndiyo ilikuwa ngao yake mbele ya walinzi. Mwaka 1456 Kanisa lenyewe liliifuta hukumu ile.

Wako wanaoacha Biblia pembeni na kutetea utamaduni: kikwembe ni chetu, suruali ni ya Wazungu. Hoja hii inagusa moyo, kwa sababu kikwembe kweli tumekifanya chetu. Mama hukinunua yadi sita, anashona blauzi, anajifunga kimoja, kinachobaki kinambeba mtoto, kinafunika mabega wakati wa baridi, kinatandikwa chini sokoni. Kimeingia katika mahari na katika msiba. Lakini wax, kitambaa chenyewe cha kikwembe, asili yake ni viwanda vya Uholanzi vilivyoiga batiki za Java. Mababu wa milima hii walivaa ngozi na magome ya miti. Kikwembe na suruali ni wageni wawili waliopokewa katika nyumba moja, na cha kushangaza, mwanamume alipotupa ngozi na kuvaa suruali ya Mzungu hakuna aliyemwambia amesaliti mababu. Rais Mobutu alipoleta siasa yake ya Authenticité, ya kurudi kwenye asili, katika miaka ya 1970, suruali ilipigwa marufuku kwa wanawake, huku vazi la mwanamume halisi wa Zaire likiwa abakosti, ambayo ni koti na suruali! Mzigo wa kulinda utamaduni ulifungwa kiunoni mwa mwanamke peke yake.

Yasemwayo juu ya umbo la kiume na la kike nayo yanategemea mtu amesimama wapi. Mwambao wa Zanzibar na Lamu, mwanamume hujifunga kikoi na kuvaa kanzu, wala hakuna anayemwona amevaa kike. Padri wa Bukavu anaadhimisha misa katika kanzu ndefu. Huko Scotland vazi la heshima la mwanamume ni kilt, sketi ya marinda inayoishia magotini, na baada ya vita vya Culloden Waingereza waliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1746: kosa la kwanza jela miezi sita, la pili kuhamishwa ng'ambo miaka saba. Sheria ilifutwa mwaka 1782. Mskoti wa leo anavaa kilt arusini na suruali kazini, na katika zote mbili ni mwanamume. Kumbe kinachokatazwa na Torati, tukikisoma kwa haki, ni kujigeuza na kudanganya, na udanganyifu hauwezi kuwemo katika nguo ambayo kila jirani anajua ni ya mwanamke, imeshonwa kwa kiuno cha mwanamke, imenunuliwa sokoni kama suruali ya mwanamke.

Kuna hoja nyingine ambayo siwezi kuijibu kwa utulivu, ile inayosema kwamba suruali inaamsha tamaa na hivyo mwanamke anajiletea balaa. Novemba 2012, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa waasi wa M23, askari wa serikali waliokuwa wanakimbia waliteremkia Minova, na kwa siku kadhaa walibaka wanawake na wasichana. Huu ni mji ambao kikwembe ndicho vazi la kila siku la mama. Kesi ilihukumiwa Goma Mei 2014. Kati ya washtakiwa 39, wawili tu walipatikana na hatia ya kubaka. Anayefundisha katika Kivu kwamba nguo ndiyo inayoita mbakaji anawaongezea wanawake wale hukumu juu ya jeraha. Heshima ya mwili inatakiwa kwa kila mtu, na suruali inayobana kupita kiasi haifai kanisani, kama isivyofaa shati la kijana lililo wazi mpaka tumboni. Ila mwenye tamaa ataulizwa juu ya macho yake mwenyewe. Yesu hakumwambia afunike wengine.

Hoja nzito kuliko zote ni ya Paulo. Anasema afadhali asile nyama kamwe kuliko kumkwaza ndugu. Bibi aliyelelewa katika imani kali, akimwona binti mwenye suruali mbele ya madhabahu, anaumia kweli, na maumivu yake si ya kudharauliwa. Nakubali kwamba binti anayempenda atajifunga kikwembe siku hiyo. Lakini tuangalie ni nani anayejinyima katika maneno ya Paulo: ni yeye mwenye uhuru, kwa hiari yake, kwa ajili ya ndugu dhaifu. Paulo hakuweka mlinzi kwenye meza za wengine. Mzee mwenye madaraka ya kumtenga mtu na ushirika si yule ndugu dhaifu anayeongelewa pale, na akijificha nyuma ya udhaifu huo anageuza upendo kuwa amri.

Kwa hiyo kazi, njia na watu ndivyo viamue. Anayebeba gunia kutoka mashua hadi barabarani, muuguzi anayekimbia wodini, binti anayepanda mlima kwenda shule, suruali inawafaa, na kwenda nayo moja kwa moja kwenye ibada ya jioni si kosa la kuungamiwa. Msibani ni tofauti. Pale wanawake wanaketi chini pamoja, miguu imenyooshwa, na mwenye kikwembe cha pili anamtupia aliyekuja bila. Hakuna sheria iliyomfundisha kufanya hivyo. Anakifungua kiunoni mwake, anakikung'uta, na kukitandaza juu ya magoti ya mwenzake aliyetoka kazini na suruali, kisha wote wawili wanaendelea kulia.